Mpira upande

Nimepotea kidogo, mnisamehe wadau. Wengine mmeniulizia kwa simu kama nimehama mji au nimeoa kimyakimya. Hakuna hata kimoja. Nilichukua likizo yangu ya mwaka nikaenda nyumbani Mombo kupumzika, na badala ya kupumzika nikajikuta nimelala kifudifudi chini ya kitanda cha boti huko Tanga, tochi mdomoni, jasho machoni, namshikia Mjomba spana namba kumi na tatu. Tulikuwa tunafunga kiyoyozi. Ndiyo, kwenye boti. Na kwa kuwa katika kazi hiyo kuna kosa moja ambalo ni langu mimi na si la mtu mwingine, nimeona nilisimulie mwenyewe kabla halijasimuliwa na wengine.

Kwa wasioijua Mombo: ukitoka Dar kwenda Moshi au Arusha, ukishaipita Korogwe, kuna mahali mabasi yanasimama na watu wanashuka mbio kula chipsi na kwenda msalani. Ndipo hapo. Kama umewahi kununulia peasi na plamsi dirishani ukadhani umenunua matunda ya Mombo, pole, ulinunua ya Lushoto. Kwetu sisi linalozaliwa kwa wingi ni joto. Barabara ya Lushoto inachepukia pale pale na kupanda mlima, na kilomita kama 33 juu yako watu wanavaa masweta mwezi wa saba huku wewe umelala barazani na kipepeo cha ukindu. Wajerumani walipofikisha reli yao Mombo mwaka 1905 hawakutaka kukaa chini. Walipanda kwenda kujipoza kwenye mji wao waliouita Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo. Mjomba husema kiyoyozi cha Mombo kipo Lushoto, kinachotakiwa ni nauli tu.

Mjomba ni fundi friji. Si fundi wa bango na ofisi, ni fundi wa begi la turubai na baiskeli. Amesoma mpaka darasa la saba, ufundi akaupata Korogwe miaka ya themanini kwa kushika tochi ya fundi mwingine, kama nilivyokuja kumshikia yeye. Friji za soda pale barabarani karibu zote zimepita mikononi mwake. Ana msemo ambao huwaambia wateja wakimuuliza kwa nini friji inaunguruma bila kupoza: "Hakuna kitu kinaitwa baridi. Kuna joto lililohamishwa." Utotoni nilidhani anatania. Kumbe ndiyo kazi yenyewe. Friji haitengenezi baridi, inachota joto lililo ndani na kulimwaga nje, ndiyo maana mgongo wake una moto. Likumbukeni hilo, litatusaidia mbele.

Sasa, siku moja alipita Mombo bwana mmoja na gari yake, AC imekufa, familia inatota jasho. Mjomba akamtengenezea chini ya mwembe kwa nusu saa. Bwana yule (nitamwita Bosi, kwa kuwa ndivyo Mjomba alivyomwita) ana boti ya faiba aliyoinunua mtumba, yenye chumba cha kulala, na anapeleka wageni kuvua na kuzamia kati ya Tanga na Pemba. Wageni wake walikuwa wanalalamika. Kaskazi ikichachamaa, chumba cha boti iliyotia nanga usiku ni tanuri. Akamuuliza Mjomba: "Fundi, AC ya boti unaweza kufunga?"

Mjomba, ambaye hajawahi kupanda chombo chochote cha majini isipokuwa pantoni ya Pangani, na hajui kuogelea, akajibu: "Naweza."

Mafundi wetu ndivyo walivyo. Kazi kwanza, maarifa njiani. Nisicheke sana, maana sisi waandishi tunatumwa asubuhi kwenye semina ya bima na jioni tumeshakuwa wataalamu wa bima.

Mimi niliingizwa kwa sababu ya kitabu. Mashine ilikuja na kitabu cha maelekezo cha Kiingereza, kinene, na Mjomba akakikung'uta mbele yangu mezani. "Wewe si umesoma Mlimani, mjomba? Haya, nisomee hiki." (Kwetu mjomba na mpwa tunaitana mjomba wote wawili, msichanganyikiwe.) Nilikaa barazani jioni mbili, mbu wananisindikiza, nikakitafsiri kwenye kaunta buku. Sikutafsiri chote, nilitafsiri yale niliyoona ni ya lazima. Nilikuwa najivunia. Nilifupisha, nikapanga kwa namba, sentensi fupifupi kama anavyotufundisha mhariri wetu: maneno machache, maana nyingi. Tutarudi kwenye hizo maana nyingi.

Kwanza niwaeleze mashine yenyewe, maana nilipenda nilichojifunza. AC ya nyumbani tunayoijua ina masanduku mawili, moja ukutani ndani na jingine nje linaunguruma na kutema joto hewani. Hii ya boti kila kitu kimo juu ya sinia moja la chuma: kompresa, koili mbili, feni, na gesi imeshajazwa kiwandani. Hakuna kuchomelea mabomba ya shaba, hakuna kupima gesi. Mjomba alipofungua boksi na kuliona hilo alisikitika kidogo, kwa kuwa hiyo ndiyo sehemu ya kazi anayoijua kuliko watu wote wa Mombo. Walichomwachia ni mabomba ya maji, umeme na useremala.

Joto linamwagwa wapi? Baharini. Pampu inavuta maji ya bahari kutoka chini ya boti, yanapita kwenye bomba lililoviringishwa pamoja na bomba la gesi, yanabeba joto, kisha yanatemwa nje ubavuni. Karibu lita 10 kwa dakika kwa mashine ya ukubwa ule. Na maji ya bahari yetu mwezi wa pili na wa tatu yanakaribia nyuzi 29 au 30, si baridi hata kidogo, lakini gesi ikishabanwa na kompresa inakuwa na moto zaidi ya hapo, kwa hiyo maji yale ya vuguvugu bado ni kipozeo kizuri tu.

Ukubwa nao una hesabu yake. Kitabu kinasema chumba kilicho chini kabisa ya sitaha kipigiwe BTU 60 kwa kila futi ya mraba, cha katikati chenye madirisha 90, na cha juu kinachopigwa jua 120. Cha Bosi kilikuwa cha madirisha, futi 12 kwa 9. Pigeni wenyewe: 9,720. Mashine aliyoagiza Dubai ilikuwa ya 10,000, basi heri. Mjomba yeye hahesabu kwa BTU, anahesabu kwa tani. Nikamuuliza tani ya nini. Akasema ya barafu. Nikadhani utani mwingine, nikaenda kutafuta, nikakuta ni kweli: tani moja ni BTU 12,000 kwa saa, yaani joto linalotosha kuyeyusha tani ya barafu ya Kimarekani kwa masaa 24. Mzee wa darasa la saba kanifunga bao la kwanza.

Katika kutafuta huko nikakutana na jambo jingine ambalo wenzangu wa chumba cha habari mtalipenda. Kiyoyozi cha kwanza cha kisasa hakikubuniwa kwa ajili ya kumpoza mtu. Kilibuniwa mwaka 1902 na kijana wa miaka 25, Willis Carrier, kwa ajili ya kiwanda cha kuchapa huko Brooklyn, New York. Unyevu wa hewa ulikuwa unavimbisha karatasi na kuisinyaza, rangi moja inachapwa leo na nyingine kesho, zinapishana. Kwa hiyo walioanza kupoozwa ni makaratasi. Watu walifuata baadaye. Na mwaka huo huo wa 1902 reli ya Wajerumani ilikuwa ndiyo kwanza inafika Korogwe, bado haijafika kwetu.

Haya, turudi kwenye boti. Maana mmeshaona tatizo liko wapi. Ili upate baridi ndani ya boti, lazima kwanza uitoboe boti. Chini ya maji.

Tulishuka Tanga na basi la asubuhi, Korogwe, Segera, Muheza, begi la turubai mapajani. Bosi alikuwa amepanga na mzee mmoja, fundi wa mashua, aje kutusaidia kuiegesha boti ufukweni. Kule ngome za kunyanyulia maboti si za kila mtu, lakini bahari yenyewe ni winchi. Wakati wa bamvua maji ya Tanga yanapwa na kujaa kwa zaidi ya mita tatu. Unaingiza chombo ufukweni maji yakiwa yamejaa, unakiwekea magogo ya kukiegemeza, maji yanaondoka, chombo kinabaki mchangani kama ng'ombe aliyelala. Unafanya kazi yako. Lakini uimalize, kwa sababu maji hayakuulizi. Siku za bamvua yanapwa kabisa kwenye saa nne asubuhi, na yule mzee alituambia tangu mkuku ukae mchangani hadi uinuke tena tuna chini ya masaa matano.

Mzee huyu (nilimwamkia shikamoo na kumwita Babu, akaridhika) ni wa kalafati, wa mashua za mbao. Alikuwa ameketi juu ya gogo akimtazama Mjomba anavyofunga msumeno wa duara kwenye drili. Kisha akasema taratibu, "Mimi nimeziba matundu ya vyombo miaka hamsini. Kutoboa sijawahi. Toboa wewe."

Halafu akaongeza neno moja tu: "Bukoba."

Hakuna aliyemjibu. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 karibu kabisa na Mwanza, mimi sijazaliwa, lakini hakuna Mtanzania asiyejua habari ya lile tundu. Meli ilikuwa imepinduka, tumbo juu, watu wako hai ndani wanagonga bati, waokoaji wakatoboa ili wawatoe. Hewa iliyokuwa imeishikilia ikatoka, meli ikaenda chini. Walikufa mamia. Najua, boti ya faiba iliyoegeshwa mchangani si meli iliyopinduka ziwani, na tundu letu halifanani na lile kwa lolote. Lakini nendeni mkasimame chini ya chombo cha mtu, drili mkononi, mtajwe jina hilo, halafu mniambie kama mkono hautetemeki.

Wa Mjomba ulitetemeka. Nilimwona. Aliishusha drili, akajifuta kwa kofia yake, akaniambia, "Nisomee tena ile ya tundu." Nikasoma kwenye kaunta buku: tundu liwe chini kadiri inavyowezekana, karibu na mkuku, ili boti ikilala upande mmoja kwa mawimbi lisinyanyuke juu ya maji na kuvuta hewa. Akapiga alama. Akaingia ndani akahakikisha hakuna waya wala mbavu ya boti mahali pale, akatoboa tundu dogo la kuongoza, akatoka, akaanza na msumeno kutokea nje. Vumbi la faiba linawasha kama upupu. Nilifumba macho nikasikia sauti ikibadilika, na nilipofumbua, mwanga ulikuwa unapita ndani ya boti mahali ambapo haukutakiwa kupita. Kile kipande kilichokatika, duara kama sarafu ya mia mbili, Babu alikiokota, akakipangusa, akakitia mfukoni. Sikumuuliza wa nini.

Hapo tena mambo yakaenda mbio. Bomba fupi la bronzi lenye kofia, gundi ya baharini imepakwa mpaka inafurika, ubao wa kukazia kwa ndani, nati kubwa, juu yake koki. Koki hiyo ndiyo roho ya kazi yote. Mpira wowote ukipasuka siku moja usiku, kitu pekee kinachokutenganisha na bahari ni ile koki, na kama mtu kaificha mahali mkono haufiki basi amekuuzia kaburi. Mjomba alimwita Bosi, akamfumba macho kwa mkono wake kama mchezo wa watoto, akamwambia, "Ifunge." Bosi akapapasa, akaipata, akaifunga. "Haya, sasa hata usiku utaiona."

Maji yakarudi. Yalikuja bila kelele, kama yanavyokuja siku zote, yakalamba magogo, yakapanda. Sisi wote tulikuwa ndani tumechuchumaa kuizunguka ile nati kama watu wanaosubiri mtoto wazaliwe. Mjomba akasema, "Lete gazeti." Nilikuwa nalo begini, gazeti letu, lenye habari yangu ukurasa wa tano. Akachana ukurasa huo huo (sijui kwa nini si wa michezo) akautandika chini ya koki. Karatasi kavu haifichi tone, alisema, jicho linaweza kukudanganya lakini karatasi ikilowa inabadilika rangi. Tukakaa nusu saa tunaitazama habari yangu. Nadhani haijawahi kusomwa kwa makini vile. Jina langu liliendelea kuwa kavu. Boti ikainuka, ikajitikisa, ikaelea. Kavu.

Babu akasema, "Alhamdulillahi," akaenda zake kuswali.

Siku ya pili ilikuwa ya kazi za ndani, na hapa ndipo ninapoingia mimi. Mashine tuliifunga chini ya kitanda. Kitabu kimekataza kuiweka chumba cha injini au karibu na ngama, kwa sababu feni ingevuta moshi wa injini na kuwapulizia waliolala, na hewa ile haina harufu ya kumwamsha mtu. Tukakata tundu la kuingizia hewa chini, la kutolea hewa baridi juu karibu na dari, katikati yake bomba laini la hewa lililovikwa sufi. Umeme ukapata breka yake peke yake kutoka kwenye jenereta. Yote safi. Ikabaki njia ya maji: koki, chujio, pampu, mashine. Klipu za kukazia mpira zikapungua, kwa sababu kila mwisho wa mpira unataka klipu mbili, si moja. Mimi nikatumwa mjini. Nilizunguka maduka ya vipuri jua la saa saba, nikanywa na madafu mawili, nikarudi saa tisa. Nilikuta Mjomba ameshalaza mpira kwa klipu alizokuwa nazo, akaongeza zile nilizoleta, akafunika mbao.

Saa kumi Bosi akaja na rafiki yake kuangalia. Jenereta ikawashwa. Mashine ikaguna, ikapuliza, baridi ikaja. Bosi akainua mikono juu kama amefunga goli. Dakika mbili, tatu, halafu kompresa ikakata. Kwenye kioo kidogo zikatokea herufi za kusema presha imezidi. Mjomba akazima, akawasha tena, ikarudia yale yale. Nikachungulia ubavuni pale maji yanapotakiwa kutoka, hakuna hata tone. Pampu inaunguruma na haivuti.

"Fundi," Bosi akasema mbele ya rafiki yake, "hii si friji ya baa."

Mjomba hakujibu. Alifungua kaunta buku, akafuata kwa kidole mstari kwa mstari. Na mimi, nikiwa nyuma ya bega lake, nikaisoma sentensi yangu mwenyewe kana kwamba naiona kwa mara ya kwanza. Namba tisa. *Mpira upande kutoka kwenye koki hadi kwenye mashine.*

Isomeni tena polepole.

Kitabu cha Kiingereza kilisema mpira uwe unapanda mfululizo, usishuke hata mahali pamoja, kutoka kwenye koki, kupita chujio na pampu, hadi kwenye mashine. Pampu hizi hazina uwezo wa kunyonya hewa, zinasukuma maji yaliyozifikia yenyewe. Mpira ukipanda kisha ukashuka, pale kileleni hewa inajikusanya na kuziba njia, wala pampu haiwezi kuisukuma. Mimi nikaandika "upande", nikimaanisha upae, uende juu. Mjomba akasoma "upande", kama upande wa kulia, upande wa kushoto. Mpira, upande. Akaupitisha pembeni, umelala ubavuni mwa boti vizuri kabisa, mahali penyewe ukapanda juu ya boriti na kushuka tena upande wa pili. Alifanya sawasawa na nilivyomwandikia. Maneno machache, maana nyingi.

Nilijua pale pale, saa kumi na dakika zake. Na sikusema.

Nimejiuliza kwa nini. Bosi alikuwa amenisifia asubuhi, "huyu kijana msomi, mwandishi wa habari", na yule rafiki yake alikuwa anasoma gazeti letu. Hicho tu. Si sababu kubwa, nasikitika kusema sina kubwa zaidi ya hiyo. Mjomba akafunga kaunta buku akasema, "Nimekosea mimi, Bosi. Nipe mpaka kesho." Bosi akaguna. Nikakusanya spana.

Gazetini tuna safu ya masahihisho. Ukikosea jina la mbunge, kesho yake unaandika mistari miwili, ukurasa wa pili chini, hakuna anayekutazama usoni. Gesti ya Tanga haina safu hiyo. Ina vitanda viwili, chandarua kimoja kimetoboka, na Mjomba amekaa kitandani na fulana yake, anachora kwenye karatasi njia ya maji, anafuta, anachora. Saa tatu usiku nikamwambia. Nikamwonyesha sentensi, nikamweleza "upande" niliyoitaka mimi.

Aliisoma. Akaisoma kwa sauti kwa namna yake, halafu kwa namna yangu. Akacheka kidogo, nikapata nafuu. Halafu akauliza, "Umejua saa ngapi?"

"Saa kumi, Mjomba."

"Na sasa saa ngapi?"

Saa ya ukutani ilikuwa juu ya kichwa changu, anaiona yeye kuliko mimi. Nikamjibu hivyo hivyo. Hakusema kitu kirefu. Alikunja karatasi zake, akazima taa, na gizani akasema, "Basi kesho utamwambia Bosi wewe."

Nilimwambia. Nilikuwa nimejiandaa kama naenda kuomba mkopo, nikaeleza tafsiri, kitenzi na nomino, mpaka rafiki yake akaanza kutabasamu. Bosi akanikatiza. "Sawa bwana mdogo, lakini mimi nataka baridi." Ikaishia hapo. Aibu niliyoikimbia masaa matano ilidumu kama dakika moja na nusu.

Kazi yenyewe ilichukua chini ya saa mbili. Tuling'oa mpira, tukatoboa njia nyingine chini ya boriti, ukapanda taratibu bila kushuka popote. Mjomba akalegeza klipu ya juu mpaka maji yakaja na kufukuza hewa, akaikaza. Akawasha. Mimi nikakimbilia nje kuchungulia ubavuni, na maji yalikuwa yanatoka, upinde mzuri, yanapiga baharini kama mtoto anayekojoa. Nilipiga kelele ambazo si za msomi.

Ndani chumba kilishuka mpaka nyuzi 22. Kwenye mashine kuna kitufe cha kuigeuza ilete joto badala ya baridi, kwa nchi za wenzetu. Mjomba alicheka sana. Akasema hiyo tuipeleke Lushoto.

Babu alikuja mchana kuangalia. Alichuchumaa pale pale pa siku ile, akaangalia koki, pakavu. Lakini kwenye mpira mdogo unaotoka chini ya sinia akaona maji yanadondoka, tone, tone, tone. Uso ukambadilika. Kabla hatujamweleza alikinga kidole, akakitia mdomoni, akatulia.

"Si chumvi," akasema.

Mjomba akamweleza: ule ni unyevu wa humu ndani, jasho letu na pumzi zetu na hewa ya kaskazi, vinagusa koili ya baridi vinageuka maji, vinashuka. Babu akakinga tena, safari hii kiganja kizima, akanusa. "Basi haya ni ya mvua," akasema, akajipangusia usoni.

Mjomba amelipwa, yote, na Bosi ana rafiki mwingine mwenye boti. Kaunta buku amebaki nalo yeye. Nilimwomba nimwandikie upya kwa nakala safi, akakataa. Kwenye namba tisa amekata neno langu kwa kalamu nyekundu na kuandika juu yake kwa mwandiko wake mkubwa: *uwe unakwenda juu.* Pembeni ameandika tarehe, na jina langu.